Upande wa Gumba

Walitufunza ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha,
juu ya magodoro ya buluu yanayonuka jasho la watu wa jana.
Lorraine Hepple, mzaliwa wa hapa hapa Sunderland,
mfupi kuniliko, mabega ya mchukuzi,
akanikamata kifundo cha mkono. Haya, toka.

Nikavuta. Nani asingevuta?
Ukivuta, akasema, unashindana na vidole vinne,
na vinne vitakushinda.
Tafuta gumba. Gumba liko peke yake.
Geuza mkono ukutane nalo, kunja kiwiko, pita.
Kila mshiko una mlango.

Nikakumbuka kwetu husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Sikumwambia. Kumweleza chawa kwa Kiingereza
kungemaliza asubuhi nzima.

Akikushika nywele, usijinasue:
bana mkono wake juu ya kichwa chako kwa mikono miwili,
kama mtu anayezuia kofia isipeperuke, kisha mfuate.
Na ushungi? nikauliza.
Pini ziache nyumbani. Vaa ule unaochomoka wenyewe.
Akikuuma, usichomoe; sukuma ndani, mpaka taya lichoke.
Kalamu isikae kifuani.
Simama kiupande, mlango uwe mgongoni mwako, si mwake,
viganja wazi, vionekane,
kama dua uliyoikatiza njiani.

Saa tisa usiku, wodi ya wazee.
Bwana Featonby, miaka themanini na mitatu,
aliyechomelea meli kabla karakana za mto Wear hazijafungwa.
Kichwa kimesahau. Mikono haijasahau kitu.
Nilikwenda kumbadilishia shuka, lilikuwa limelowa.
Mwizi! Nyundo yangu umeipeleka wapi?
Kibao kikapita sikioni, cha pili kikatua shavuni,
halafu kifundo changu kikawa chake.

Bibi mzaa mama alikuwa akisema:
mkono usioweza kuukata, ubusu.
Nimeibusu mingi. Wa mwenye nyumba wa kwanza.
Wa yule karani wa viza, kupitia kioo.
Wa mgonjwa wa kitanda cha sita, aliyeomba aletewe
muuguzi wa rangi nyingine, nami nikatabasamu
nikamtafutia.
Usiku ule sikukata na sikubusu.
Niligeuza.

Nikatoka kama mtu anayevua bangili pana.
Hatua mbili nyuma. Mlango mgongoni. Moyo mdomoni.
Ila hakuna aliyetufunza kinachofuata:
mkono wake ulibaki hewani, bado umejikunja
kwa kipimo cha kifundo changu,
naye akiutazama ule utupu
kana kwamba kweli ameibiwa.

Rowena alikuja mbio, viatu vikilia sakafuni.
Nimwite daktari? Ngoja, nikasema. Ngoja kidogo.
Nikaviringisha taulo, nikalikaza,
nikampa kwa mbali, mkono umenyooka.
Akalishika. Akalipima uzito.
Tulimbadilishia shuka huku amelikumbatia,
akimgombeza mtu aitwaye Cuthbert
kwa kuacha vifaa mvuani.

Fomu ina visanduku: kupigwa, kusukumwa,
kung'atwa, kutemewa mate.
Mistari mitatu ya maelezo.
Msimamizi alipita akasema, ndiyo kazi yenyewe.
Lorraine alituonya juu ya neno hilo.
Nikaandika mistari mitatu, nikageuza karatasi,
nikaandika mingine minane.

Nyumbani, maji ya udhu yalinichoma.
Alama nne, nyekundu, zimepangana.
Upande wa pili ngozi iko kama ilivyokuwa.
Mwanangu Zamzam, kijiko cha uji mkononi:
Nani kakushika?
Fundi wa meli.
Akaweka vidole vyake juu ya zile alama,
kimoja kimoja. Havikufika hata nusu.
Nikamwambia, haya, nishike kwa nguvu zako zote.
Halafu nitakushika mimi.

Zamu tena leo, saa mbili usiku.
Nikiamka nitapitia dukani
kutafuta ushungi usio na pini.