Daraja la Tatu

Boksi bado linasema ROTTERDAM
kwa herufi za buluu, na chini yake tarehe ya meli.
Mama Kabedi analipasua kwa kisu cha mihogo,
alfajiri, soko la Kenya, Lubumbashi,
umeme umekatika tangu juzi,
anahesabu kwa vidole:
themanini na manane. Moja limeoza.

Huko Limpopo, chini ya taa kali,
mtu mwenye glavu aliligeuza kila chungwa
kama daktari wa jeshi anavyowageuza vijana:
inama, simama, nenda.
Hili lina doa, jeusi, dogo kuliko kichwa cha pini.
Doa haliumi. Haliingii ndani.
Lakini ng'ambo hawalitaki,
basi likagongwa muhuri: daraja la tatu.

Na kweli madaraja yalikuwa matatu.
La Limpopo, chini yake mchanga mtupu.
La Zambezi, usiku, injini ikikohoa.
La Kafue, hapo dereva Chisanga
alimenya moja kwa meno, akanyamaza kidogo,
akamenya la pili.

Kisha Kasumbalesa, siku sita foleni,
nyuma ya malori ya asidi.
Afisa alipiga muhuri kwa mkono wa kulia,
wa kushoto ulikuwa na shughuli zake mfukoni.
Na upande wa pili wa barabara
shaba yetu ilikuwa inashuka kusini,
bapa, inang'aa, imefungwa mikanda ya chuma.
Shaba haina doa. Hakuna anayeikataa.
Labda itapanda meli ileile,
ile ya tarehe ya buluu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
Mama Kabedi anacheka peke yake.
Haya yametembea nchi tatu,
acha yakae kitako.

Anayapanga manne manne, la tano juu.
Zamani alificha madoa kwa chini.
Siku hizi wateja wenyewe wanayatafuta,
wanasema yenye madoa ndiyo yenye maji.
Ni uongo, nadhani. Hajawahi kuwasahihisha.

Mwanawe Mwewa amelala juu ya boksi la jana.
Jasho limeyeyusha wino, na shavuni
mji wa watu umejiandika kinyumenyume: MADRETTOR.
Anaufuta kwa mate. Haufutiki.
Anasugua tena, taratibu, asimwamshe,
huku mteja wa kwanza
akiuliza bei.