Mizani ya Laguna Parda

Kituo kilizaliwa kwanza, mji ukafuata.
Wapimaji walishuka na kamba na vigingi,
wakaona nyasi, upepo, na dimbwi la maji ya kahawia;
wakakipa kituo jina la dimbwi, wakapanda treni, wakaenda zao.

Mji ulikuja baadaye, kwa mafungu, ndani ya behewa la tatu:
kinyozi Mtaliano, kinanda kilichovunjika mguu,
barafu iliyofukiwa kwenye maranda,
gazeti la juzi,
na Graciana, aliyeposwa kwa picha,
akamwona mumewe hapa jukwaani kwa mara ya kwanza,
akasema, "Mbona picha ilikuwa ndefu kuliko wewe?"

Mpima mizigo alikuwa babu yangu, Fermín Oyarbide.
Mizani yake ya chuma ilipima ngano, sufu, ngozi za ng'ombe,
na watoto wote wa Laguna Parda,
maana zahanati haikuwapo.
Daftari lake ninalo. Mwandiko umeinama
kama shamba lililopitiwa na upepo:
"Sufu, robota kumi na mbili. Bandarini.
Viazi, gunia nane. Vimelowa.
Delmira, wa kwa mwokaji, kilo tatu unusu. Analia."

Delmira ndiye mama yangu.

Kisha treni ikaanza kubeba zaidi ya ilivyoleta.
Mara mbili kwa juma, halafu mara moja, halafu barua.
Barua yenyewe ililetwa na lori.

Mji haukulia. Mji ulikula.
Mataruma yakawa boriti za paa la Ibarlucea,
reli zikawa nguzo za zizi,
kengele ikaenda shule, benchi likaenda kwa mwokaji,
na saa,
saa kila mtu anajua iko sebuleni kwa nani,
na kila mtu akipita pale huuliza, "Saa ngapi?"
kisha hucheka peke yake.

Mizani ikabaki. Ilikuwa nzito,
wala hapakuwa na mizani nyingine ya kujua ni nzito kiasi gani.

Leo nimefika ukurasa wa mwisho.
Tarehe ya treni ya mwisho, na mstari mmoja:
"Fermín Oyarbide. Kilo sitini na nane, pamoja na kofia."
Uendako: hakuandika.
Mpokeaji: hakuna.

Nimelipuliza vumbi.
Nimetafuta kalamu mifukoni, nikaipata,
nikatia sahihi.