Kikomo

Siku ya tatu nimo humu, chumba kisicho dirisha,
nyuma ya ofisi ya mafao ya mkonge, Chumbageni,
nimepiga magoti mbele ya mashine ya tepu
kama mtu aliyeangusha kipini cha pua.
Taa ya manjano. Inapepesa mara tatu, inanyamaza.
Inameza kaseti, inaisokota, inaguna,
inaitema.

Jumatatu nililaumu tepu.
Nikafungua mpya, nailoni yake haijachanwa;
nayo ikatemwa, harufu ya dukani ingalipo.
Jumanne nililaumu chumvi,
maana Tanga chumvi ndiyo mshitakiwa wa kwanza:
imekula bawaba za mlango wa mama,
imekula baiskeli yangu hadi spoku,
itashindwaje na kichwa cha kusomea?
Nikatia kaseti ya kusafishia. Ikasafisha. Taa ikapepesa.
Leo nimechomoa kebo, nimehesabu pini sitini na nane
kwa ncha ya kalamu, kama mtoto wa chuoni na herufi zake.
Hakuna iliyopinda.

Bi Mwantumu Semhando, mhasibu, anachungulia.
Haulizi. Ananiwekea chai,
swali lake analiacha kwenye kisahani.

Ndani ya seva mna majina elfu kumi na moja,
waliokata mkonge Ngombezi, Kigombe, Muheza,
walioitwa kwa namba mpaka wakazeeka nazo.
Na diski imeanza kukwaruza. Nimeisikia jana,
mlio mdogo, mwiba unaopita kwenye kitambaa.
Nakala ya mwisho inayokubali kusomeka
ni ya Februari.
Taa imeanza wiki hii; uongo ulianza Februari.
Kila asubuhi skrini iliandika: imekamilika.

Na kila jioni, saa kumi na nusu, Mbelwa hubadilisha tepu.
Miaka sita. Huziandika kwa mkono wake,
Jtatu, Jnne, Jtano, hati iliyolala ubavu,
huzifunga katika kanga kuukuu ya mkewe
akazipeleka benki, kwenye kasha la chuma.
Hakukosa hata siku aliyomzika babake.
Nani atamwambia
kwamba miezi mitano amekuwa akibeba kimya?

"Februari humu palifanyika nini?"
Akafikiri. "Palipakwa rangi."

Nikaigeuza mashine, ikanipa kisogo.
Matundu mawili. Moja lina kebo.
La pili wazi, pengo la jino
ambalo mwenyewe ameshalizoea.

Hapo palikuwa na kizibo. Saizi ya kiberiti,
hakisomi, hakiandiki, hakina taa.
Kazi yake kukaa mwisho wa waya na kusema: basi.
Kikiondoka, neno hufika ukingoni likakosa pa kutua,
hurudi mbio, likagongana na neno linalokuja,
mwenda tezi na omo asiye na ngamani,
hata mashine isijue lipi limesemwa
na lipi ni mwangwi.

Tulipekua. Debe la rangi iliyoganda, droo ya mihuri,
boksi la funguo zisizo milango.
Kumbe kiko mezani kwa Bi Mwantumu,
kimekalia karatasi zisipeperushwe na feni.
"Nilidhani ni cha kiyoyozi," akasema,
akakifuta kwa ncha ya mtandio kabla ya kunipa.

Skrubu mbili. Manjano. Manjano. Kijani.
Tepu ikaanza kwenda kwa sauti ya mtu
anayesokota kamba pajani bila kutazama mikono.

Sikukiamini kijani. Nikaomba jina moja lirudi, lolote.
Likarudi: namba nne nne moja saba,
Kupaza Mntambo, mkataji, Ngombezi, marehemu.
Mjane: Mwanaidi. Yu hai.
Bi Mwantumu alilisoma kwa sauti, mara mbili,
kisha akaenda kutafuta faili ambalo hakulihitaji.

Saa kumi na nusu Mbelwa akaingia na kanga yake.
"Hizi za tangu Februari," akauliza, "nizitupe?"
Nilikuwa nakunja kebo. Sikuinua uso.
Akazipanga upya kando ya ukuta, moja moja,
akachukua ile ya leo, akaandika Jtano,
na safari hii, mbele ya neno,
akatia nukta.