Karatasi Nyeusi

Karatasi nyeupe zilikuwa zimeisha kule Birere.
Muuzaji akanitolea nyeusi, nusu bei,
akaipuliza vumbi: "Hii hakuna anayeitaka."
Nikaitaka palepale.
Nani hapa Goma hajawahi
kuanza na kitu cheusi?

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
mbele ya nyumba ya Mama Kavugho, Katoyi:
mbao zilizopakwa buluu mara moja tu,
bati, pazia la mlangoni lenye maua yasiyoota popote,
na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji,
moja likilishikilia jingine kwa ukaidi.

Jiwe sikulichora.
Jiwe lilikuwepo tayari kwenye karatasi,
kama lilivyokuwepo hapa kabla ya bustani,
lilipokuja jekundu kutoka mlimani,
mgeni asiyebisha hodi,
likaingia, likakaa, likapoa,
likawa sakafu.

Penseli zangu za pasteli zilikuwa ishirini na nne.
Zimebaki kumi na saba, nyingine fupi kama kidole gumba.
Kichongeo huzivunja, zina moyo wa chaki,
basi nazichonga kwa wembe
na ncha naisugua kwenye ukuta wenyewe:
jiwe lilelile lililomeza mtaa
leo linaninolea rangi ya waridi.

Anza na mwanga, na usikandamize.
Njano hafifu, pale jua linapogusa lengalenga.
Kijani juu yake. Kisha kidole, kidole tu,
kuzipatanisha kama watoto waliogombana.
Hapa mboga na maua hazijui mpaka:
vitunguu miguuni pa dalia,
maharage yamempanda mwaridi bila aibu,
jeranio ndani ya sufuria iliyotoboka,
kana ndani ya tairi.
Mama Kavugho anatwanga sombe nyuma yangu;
kinu kikipiga, mstari unaruka.
Mstari mmoja ulioruka nimeuacha.
Umekuwa bua la kitunguu.

Na udongo huu wote ni wa kununua.
Kiwanja alikuwa nacho, udongo hakuwa nao.
Uliletwa kwa chukudu, gunia kwa gunia, kutoka Kibati,
Muhindo akisukuma na kuhesabu kwa sauti
ili asidhulumiwe: "La tisa, Mama! La tisa hili!"
Kahawia yangu imekwisha nusu
kwa magunia hayo tisa.

Kinu kikanyamaza.
Akaja akasimama begani, mikono kijani hadi viwikoni.
"Sufuria umeipatia. Pazia umelipendelea.
Na mparachichi?"

Nikatazama. Dalia, tairi, kamba ya nguo.
"Mama, mparachichi uko wapi?"

Akaonyesha kwa kidole cha mguu, chini.
"Hapo. Mita mbili, labda tatu.
Na jikoni kwangu kwa zamani hapo, na kisima hapo.
Ulikuwa unazaa mpaka tunawagawia watu wasiotusalimu."
Akasema hivyo kama anavyosema mtu
kwamba mvua itanyesha mchana,
akarudi kwenye kinu.

Katika sanduku kuna penseli moja sijawahi kuinoa.
Ya kumi na saba. Nyeusi.
Nilidhani haina kazi juu ya nyeusi.
Nikaichonga, nikaisugua ukutani,
na chini ya vitunguu, chini ya magunia tisa,
nikachora shina, matawi, majani mapana,
polepole, kama mtu anayeandika gizani,
nisione ninachokiona.

Jioni nikapulizia picha spre ya nywele
niliyoazima saluni kwa Riziki, ili chaki isidondoke.
Mama Kavugho akaipokea kwa ncha za vidole.
Akaona nyumba. Akaona kana, akacheka.
Kisha akaiinamisha kidogo kuelekea mlangoni,
mwanga wa mwisho ukateleza juu ya weusi,
na weusi mmoja ukang'aa tofauti na mwingine.

Alikaa kimya muda mrefu.
Halafu: "Tawi la upande wa jikoni umelisahau.
Lile la bembea."

Nikaomba wembe.