Ubeti wa Tatu

Walilipa laki tatu, kwa simu,
wakasema ni za sekunde tisini.
Mama akauliza: sekunde zipi?
Hawakujua. Walitaka kitu cha zamani,
chenye gitaa, kisicho ghali.

Basi Alhamisi saa tatu usiku
tukakaa Walukuba, nyumba ile ile ya kiwanda,
mimi, Mama, na jirani yetu Nangobi aliyekuja na kiti chake.
Tamthilia ni ya Kampala: mpelelezi mwanamke,
koti la ngozi katika joto lile,
na majambazi, kama ada, wamepewa Kiswahili.
Lugha tuliyonyonya hapa, kati ya Mnubi na Msoga na Mpadhola,
kwenye runinga haina kazi nyingine ila kuvunja milango.

Maiti iko ufukweni, Ggaba. Mpelelezi anachuchumaa.
Nilitarajia fidla ya kulialia.
Likaingia gitaa la Baba,
lile la nyuzi tano, maana wa sita ulikatika
mwaka ambao maduka ya Jinja hayakuwa na chumvi,
sembuse uzi wa gitaa.

Wimbo huu ni wa harusi!
Bibi harusi huvua kiatu kimoja, akakiinua,
akacheza akichechemea,
kwa kuwa kiitikio chasema
umeondoka mpenzi, umeacha kiatu kimoja mlangoni.
Hata mimi nilichechemea, mwaka wangu,
shangazi zangu wakipiga vigelegele.
Hata askari, enzi zile, waliuagiza kwenye mesi yao
wakamtuza Baba soda.

Nikakasirika. Wameuharibu, nikasema.
Nani ataucheza tena
akikumbuka nzi kwenye kope za maiti?
"Nyamaza," Mama akasema. "Wanafika wa tatu."

Redio haikufika kamwe ubeti wa tatu.
Taarifa ya habari iliukata.
Harusini nako keki huwa imeletwa.
Lakini kamera ilikuwa inalizunguka ziwa polepole,
haina haraka, haina la kusema,
na Baba, miaka kumi na saba kaburini,
akaimba, karibu anong'one:
nimekuletea, mpenzi, mayai tisa,
ndizi nne na sabuni mbili.

Mpelelezi akawauliza wachoma samaki:
nani aliliona gari?

Mama aliongea akitazama sakafu,
kwa ile sauti ya chini
ambayo hakuna serikali iliyokuja ikaipandisha.
"Nani humpelekea mpenzi sabuni mbili?
Ni namba. Tisa, nne, mbili.
Gari lililomchukua Ofwono, mpiga ngoma wao,
saa sita mchana, langoni pa kiwanda,
zamu nzima inatoka, zamu nzima inatazama.
Walimtia kwenye buti.
Baba yako angeandika wapi jambo kama lile?
Alikuwa na gitaa."

Na kile kiatu? Sikuuliza.
Matangazo yaliingia: sabuni ya unga,
mwanamke anacheka, povu mpaka viwikoni.

Wiki iliyofuata mwuaji alikamatwa dakika ya arobaini,
akaungama mbio mbio kuwahi habari.
Mama alicheka mpaka akakohoa,
Nangobi akampigapiga mgongo.
Zile laki tatu kazigawa mafungu mawili.
Moja limekwenda Tororo,
kwa dada yake Ofwono, ambaye ameanza kusahau majina
ila hilo.

Jumamosi tulikuwa harusini, Bugembe.
Bibi harusi kavua, kainua, kiatu cheupe chenye shanga,
watu wakamshangilia.
Mimi nilikuwa meza ya nyuma na pilau yangu.
Ubeti wa pili ulipokwisha
nikamwona yule kijana wa mitambo
anapeleka kidole apunguze sauti.

Nikaacha sahani. Nikapita katikati ya wachezaji,
nikamshika mkono.
Uache, nikamwambia. Uache uende.
Akanitazama kama mlevi.

Keki ikasubiri.
Mayai tisa, Baba akaimba,
na wao, wamechangamka, wakaanza kuhesabu naye.