Zamu ya Mlangoni

Karatasi waliibandika Jumatatu
kwa gundi ya unga wa ngano, juu ya nakshi za mlango:
BILA BARAKOA HAKUNA HUDUMA.
Muhuri ukavuja wino juu ya "hakuna",
neno likaonekana limesemwa mara mbili.

Nikapewa kiti, daftari, chupa ya sabuni,
na kipimajoto mfano wa bastola
nikielekeze kwenye mapaji ya walioninyoa utotoni,
walionifunza alifu, wanaonidai.
Amu ni mji mdogo. Ukiziba pua na mdomo
hujaficha kitu: mtu tunamjua kwa kisigino,
kwa kikohozi, kwa anavyompisha punda kichochoroni.

Wiki ya kwanza walikuja na walichonacho.
Ncha ya kikoi. Soksi iliyokatwa. Ukaya wa marehemu nyanya.
Mabibi wa nikabu wakaniuliza:
"Na hii je? Neno lenyewe, barakoa,
si lilikuwa la bibi zetu kabla halijawa la serikali?"
Nikauliza juu. Juu wakauliza Mokowe.
Jibu likarudi na boti ya saa nane,
abiria nusu, wote wamefungwa nyuso: haihesabiki.
Basi wakavaa kitambaa chini ya kitambaa,
wakawa wanahema kama wapiga mbizi.

Famau aliielewa sheria kuliko sisi sote.
Alikaa kivulini na barakoa moja ya buluu,
shilingi kumi kuingia.
Mtu akitoka anavua, Famau anaikung'uta mara mbili,
anamvika anayefuata.
Siku moja nilihesabu: midomo thelathini na mmoja.
Na kwa kila mmoja nikaandika daftarini: amevaa.
Si uongo. Alivaa.

Kisha akaja Bi Zena wa Lali.
Surua ilimfunga masikio akiwa na miaka mitano;
tangu hapo husikia kwa macho.
Alikuja kwa kiwanja cha Langoni,
hati ingali na jina la mumewe.
Yake ilikuwa ya pamba nyeupe, mishono midogo kama chawa.
Nikampitisha.

Shebwana karani akasema. Akasema tena. Akapaza.
Nyuma ya kioo, nyuma ya kitambaa,
kitu kinapanda kinashuka kama paka ndani ya gunia.
Bi Zena akamtazama karani wa pili. Gunia.
Wa tatu. Gunia.
Akanigeukia mimi mlangoni,
kwa ile sauti yake isiyojua ukubwa wake:
"Yeo mui mzima umekuwa bubu?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha.
Shebwana akashika uzi wa sikioni,
akatazama mlango wa afisa, akauachia.
Ana watoto wanne. Simlaumu.

Nikaisoma karatasi upya, kama wakili.
NDANI YA MAJENGO YA UMMA NA VYOMBO VYA USAFIRI.
Ndani.
Nikatoka. Nikazunguka nyuma, penye mabomba na jua la saa saba,
nikasimama hatua tatu kutoka dirishani,
nikavua.
Shebwana anasema kwa sauti, mimi narudia bila sauti,
midomo tu, na Bi Zena kashika nondo za dirisha:
kiapo
picha mbili
sahihi ya shahidi
cheti cha kifo.
Hilo la mwisho nililitamka polepole.
Akalipokea polepole.

Afisa alinikuta hivyo, kinywa wazi juani.
Unafanya nini? Nikamwambia: niko nje.
Mshahara wa nusu siku ulikatwa hata hivyo.

Ile gundi ya ngano ililiwa na sisimizi;
sheria ilianguka sakafuni
wiki kadhaa kabla haijafutwa.
Famau sasa anauza vocha.
Bi Zena nikikutana naye Mkomani hanitolei sauti,
husogeza midomo, nami namjibu hivyohivyo,
habari ndefu, za watu na za bei ya samli,
na wapitao, wasiosikia neno,
wanaapa kwamba tunawasengenya.