Kinyume

Jalada lilikuwa jembamba, kurasa tatu,
pini yake imeshika kutu.
Mimi ndiye mkalimani wa mahakama, hapa Amu,
miaka kumi na tisa nimegeuza kesi za punda walioibwa,
za boriti zilizokatwa bila kibali,
na wake waliokosea mlango
wakaniletea mimi talaka za kadhi.

Hakimu ni mtu wa bara, mpole, ana kikohozi.
Alisoma kifungu kwa Kiingereza
kisha akanitazama, zamu yangu.

Yako maneno nimeyageuza hadi yamelainika
kama sarafu mfukoni.
Hili halijalainika:
*kinyume cha maumbile.*
Maumbile, kuumba, Muumba,
wanaishi nyumba moja hawa;
hubishi hodi kwa mmoja
wengine wasisikie.

Na kifungu chenyewe
hakikushushwa na malaika, wala hakikuandikwa na kadhi wa Pate.
Mwingereza alikileta sanduku moja na kodi ya kibanda.
Bendera ikateremshwa, sanduku likasahauliwa,
na leo shehe wa mtaa wetu anakitaja
kana kwamba alikihifadhi chuoni.
Miaka kumi na minne, kinasema.

Kizimbani: Bwanaheri Kupi, mshona kofia, Langoni.
Kichwa wazi.
Waliokuja kumtazama akitahayari walivaa, wote,
na vile vito, tundu kwa tundu,
niliujua mkono.
Hata jirani, shahidi wa kwanza,
yule aliyesikia kupitia ukutani,
aliapa kwa Msahafu
na kofia ya Bwanaheri kichwani.

Kielelezo cha kwanza, godoro.
Cha pili, vikombe viwili.
Vikombe!
Tangu lini Amu mtu akanywa kahawa peke yake?

Mshtakiwa wa pili, wa Matondoni, hakupatikana.
Jina lake nililisoma polepole, silabi kwa silabi.
Sikujua ni nani mwingine
angelitaja tena mwaka huu.

Tulilelewa kichochoro kimoja, Bwanaheri nami.
Mbele ya wakubwa tulisema kinyume:
maji yakawa jima,
Somoe, mimi, nikawa Esomo.
Siku moja tukagundua, tukacheka mpaka tukashika mbavu,
kwamba yako maneno hayageuki.
Kuku ukimpindua ni kuku.
Mama, mpindue utakavyo, ni mama.

Mamake alikuwa benchi la nyuma
na chupa ya chai
ambayo askari alikataa kuipitisha.

Nikamwuliza, kwa sauti ya kazi,
umelielewa shtaka?
"Somoe, mbona waniuliza yambo uyualo?"
Nikageuza: ameelewa.

Ni kweli au si kweli?

Hapo akaninyoshea mato,
yale yale ya kichochoroni, ila yamezungukwa na usingizi uliokosekana,
akasema, si kwa sauti kubwa:
"Nasi sako."

Karani akainua kalamu.
Mtu akacheka pembeni, wakadhani ameingiwa na wazimu.
"Lugha gani hiyo?" hakimu akauliza.
"Amesema nini?"

Niliapa, siku ya kwanza ya kazi hii,
sitaongeza, sitapunguza.
"Amekana, mheshimiwa."

Nilipunguza.
Lile *nasi* nilibaki nalo.
Sikujua, na sijui hadi sasa,
kama lilikuwa nusu ya neno lake
au neno zima, la sisi wawili,
au la wote waliokaa pale
wamevaa mshono wake.

Kesi itatajwa tarehe kumi na mbili.

Usiku mume wangu akatafuta kofia yake ya Ijumaa.
Niliishika mimi, chini ya taa,
nahesabu tundu.
Nilipofika mia mbili na kitu akaniuliza ninafanya nini.
Nikaanza tena mwanzo.